Kosa la maneno lililofutwa mahakamani, likarudi na kifungo cha miaka kumi

Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kumkashifu mtu kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Aliyevunjiwa heshima afungue kesi ya madai na kudai fidia, alisema, jela haihusiki. Kosa hilo lilikuwa na kifungo cha hadi miaka 2, na jaji aliona hata hiyo imepita kiasi.

Mei 2018, miezi kumi na mitano baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kifungu chake cha 23, kama kilivyotungwa, kilimhusu anayechapisha habari akijua ni za uongo, iwe gazetini, redioni au mtandaoni, habari zinazoleta hofu, vurugu au ghasia, au zinazoelekea kuharibu jina la mtu. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote pamoja.

Soma tena yale maneno ya mwisho kuhusu jina la mtu. Ni kashfa ile ile iliyotolewa kwenye jinai mwaka uliotangulia, safari hii ikiwa na kifungo kirefu mara tano.

Anayefuatilia mambo haya kwa vichwa vya habari pekee lazima achanganyikiwe. Leo anasoma kwamba mahakama imefuta sheria ya kuwabana wanaoandika mtandaoni, kesho anasoma kwamba mtu amelala rumande kwa sababu ya chapisho la Facebook. Habari zote mbili ni za kweli. Ili kuelewa zinavyokaa pamoja, ni lazima kwanza kujua mahakama hufuta nini hasa inapofuta, na inatumia kipimo gani.

Kesi ambayo mawakili wa Kenya huitaja kwanza ni ya Geoffrey Andare. Aprili 2015 alifikishwa mahakamani kwa ujumbe aliouweka Facebook, akimtuhumu mtu kwamba anawatumia vibaya wasichana wanaotafuta ufadhili wa masomo. Kama tuhuma hizo zilikuwa za kweli au la, hilo halikuwa swali lililofika Mahakama Kuu. Andare hakusubiri kesi yake ya jinai iishe. Alifungua ombi la kikatiba akisema kifungu alichoshtakiwa nacho, cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, hakikustahili kuwepo.

Kifungu hicho kilikuwa kifupi. Mtu alitenda kosa akitumia chombo cha mawasiliano kutuma ujumbe unaochukiza mno, au wa aibu, au mchafu, au wa kutisha. Au akituma ujumbe anaojua ni wa uongo kwa nia ya kumuudhi mwenzake, kumsumbua, au kumtia wasiwasi usio wa lazima. Faini ilikuwa hadi shilingi 50,000, kifungo hadi miezi 3, au vyote.

Sasa chukua simu yako upime. Mwanafunzi ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba bweni lina kunguni na chakula kina funza, na mkuu wa shule amechukizwa mno. Mpangaji ameweka picha ya choo kilichofurika, mwenye nyumba anaona hiyo ni picha chafu. Je, ni kosa? Sheria haikusema kuchukiza mno kunaanzia wapi, wala uchafu ni upi, wala ni nani wa kuchukizwa. Jibu lilikuwa kichwani mwa askari anayekamata, kisha kichwani mwa hakimu anayesikiliza, na vichwa hivyo viwili vinaweza kutofautiana kutoka Kisumu hadi Mombasa.

Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kifungu hicho kuwa batili. Hoja yake ya kwanza ndiyo ninayoiona kuwa msingi wa mjadala huu wote: sheria ya jinai lazima iwe wazi kiasi kwamba raia wa kawaida aweze kujua, kabla hajaandika, kama anachotaka kuandika ni kosa. Kama hawezi kujua, basi kosa linatengenezwa baada ya tendo, na Katiba ya Kenya hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolifanya.

Hoja ya pili inahusu nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo inaweka mipaka: uhuru huo hauhusu propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala kueneza uhasama wa kikabila. Ibara hiyo hiyo inamtaka anayeutumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Nje ya hapo, serikali ikitaka kubana zaidi, inapita kwenye Ibara ya 24, na ibara hiyo inasema anayetaka kubana ndiye wa kuthibitisha kwamba kubana huko kunafaa. Raia hana kazi ya kueleza kwa nini aruhusiwe kusema. Serikali ndiyo yenye kazi ya kueleza kwa nini anyamazishwe, inalenga nini, na kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Katika kesi ya Andare, serikali ilieleza kwamba inawalinda watu dhidi ya kuchafuliwa majina. Jaji akajibu kwamba sheria ya madai ya kashfa ipo tayari kwa kazi hiyo.

Hivyo basi kipimo kina ngazi tatu, na mahakama nyingi za kanda hii huzipanda kwa mpangilio huo huo. Je, kizuizi kimewekwa na sheria iliyo wazi? Je, kinalenga jambo halali, kama usalama au haki za wengine? Je, ukali wake unalingana na lengo? Vifungu vingi vya maneno huanguka kwenye ngazi ya kwanza, kabla hata hatujafika kwenye ukali.

Maneno yale ya kifungu cha 29 hayakutungwa Nairobi. Asili yake ni sheria ya posta ya Uingereza ya mwaka 1935, iliyokataza kutumia simu kwa matusi, enzi ambazo simu iliunganishwa na mhudumu aliyekaa kwenye kituo na kusikia kila kitu. Maneno ya mtu mmoja akimtukana mhudumu mmoja yakahamishwa yalivyo hadi kwenye zama ambazo ujumbe mmoja unasomwa na watu milioni. India nayo ilikuwa na ndugu wa kifungu hicho, cha 66A katika sheria yake ya teknolojia ya habari. Mwaka 2012, karibu na Mumbai, wasichana wawili walikamatwa kwa ajili ya chapisho la Facebook lililohoji kwa nini jiji lifungwe kwa msiba wa mwanasiasa. Mmoja wao alikuwa amebonyeza tu alama ya kulipenda. Mahakama ya Juu ya India ilikifuta kifungu cha 66A mwezi Machi 2015. Lakini mwaka 2021 majaji wa mahakama hiyo hiyo waliambiwa kwamba polisi katika majimbo mbalimbali bado wanafungua mashtaka kwa kifungu hicho, miaka sita baada ya kufutwa. Walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka.

Uganda ilitangulia Kenya kwa miaka kumi na miwili, na kesi yake inagusa Kongo moja kwa moja. Septemba 1997 gazeti la Sunday Monitor lilichapisha habari, likinukuu chanzo cha nje, kwamba Laurent Kabila ameilipa Uganda dhahabu kwa msaada iliompa katika vita vya kumwondoa Mobutu. Wanahabari wa gazeti hilo, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, wakashtakiwa kwa kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu: kuchapisha habari za uongo zinazoelekea kuleta hofu kwa umma au kuvuruga amani. Hakimu aliwaachia. Wao hawakuridhika na kuachiwa, wakaendelea kukipinga kifungu chenyewe. Mahakama ya Katiba iliwakatalia kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Mahakama ya Juu ikawakubalia tarehe 11 Februari 2004.

Hukumu ya Jaji Joseph Mulenga katika kesi hiyo ni somo la kurudiwa. Alisema maneno ya mtu hayatoki nje ya ulinzi wa Katiba kwa sababu tu mwingine anayaona ni ya uongo, ya makosa, yenye utata au yasiyopendeza. Jambo hilo huwakwaza wengi. Huuliza, kwani Katiba inalinda uongo? Jibu lake limo katika hali halisi ya kazi ya habari na ya mazungumzo ya watu. Wakati jambo linatokea, hakuna anayejua ukweli wote. Ikiwa kila sentensi iliyokosewa inaweza kukupeleka jela, utanyamaza hata pale ulipo sahihi, maana huwezi kujihakikishia mapema kwamba mahakama itakuona uko sahihi. Kisha Jaji Mulenga akalishika neno la kifungu, kwamba habari "zinaelekea" kuleta hofu. Hofu ambayo haijatokea, na huenda isitokee, ni ya kubahatisha, na kumfunga mtu kwa kubahatisha hakukubaliki katika jamii huru ya kidemokrasia. Maneno ya kifungu kile cha Uganda yana pacha wake katika kifungu cha 66 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa sababu zote mbili ni urithi wa ukoloni mmoja.

Kuna anayeweza kudhani mahakama hizi zimejisahau, kwamba zinaona maneno hayana madhara. Historia ya Arusha inatosha kumjibu. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake katika mji huo, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kituo cha redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Redio ile ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na wauaji wakafuata. Kwenye rufaa mwaka 2007 baadhi ya hatia zilifutwa na adhabu zikapunguzwa, lakini vifungo vilibaki vya miaka 30 na zaidi. Hakuna jaji yeyote katika kesi nilizozitaja aliyetaka maneno ya namna ile yaachwe. Kenya yenyewe, baada ya damu ya 2007 na 2008, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na uhuru wa kujieleza ulipoandikwa kwenye Katiba ya 2010 matamshi ya chuki yaliwekwa nje kabisa.

Katika mji huo huo wa Arusha, miaka kumi na moja baada ya hukumu ya redio, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilimpa ushindi mhariri mmoja kutoka Burkina Faso. Issa Lohé Konaté, wa gazeti la L'Ouragan, alikuwa amefungwa miezi 12 mwaka 2012 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa ufisadi. Gazeti lake lilifungiwa miezi 6 na akatozwa faini na fidia asizozimudu. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama iliamua kwamba kumfunga mtu kwa kashfa kunakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, isipokuwa katika hali nzito kama kuchochea uhalifu wa kimataifa, ghasia, chuki au ubaguzi. Ikaongeza kwamba mwenye madaraka ya umma anapaswa kuvumilia kukosolewa kuliko raia wa kawaida. Mahakama hiyo haikufuta jinai yote ya kashfa, na majaji wenyewe waligawanyika hapo. Ilichokikataa kwa kauli moja ni jela.

Ukiziweka hukumu hizo mbili za Arusha bega kwa bega, unaona mstari ulipo. Anayesema "muueni fulani, amejificha kanisani" yuko upande mmoja. Anayesema "mwendesha mashtaka huyu amekula rushwa" yuko upande wa pili, hata akikosea. Vifungu vya kuudhi, kusumbua na kuharibu jina huwaweka wote wawili kwenye wavu mmoja, na wanaokamatwa mara nyingi ni wa upande wa pili.

Kwa nini basi kosa lililofutwa linarudi?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mahakama hufuta kifungu kilicho mbele yake, haifuti wazo. Jaji Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria moja. Jaji Mativo alifuta cha 194 cha sheria nyingine. Bunge likiandika wazo hilo upya katika sheria nyingine, kwa namba nyingine, sheria hiyo mpya huanza maisha ikidhaniwa kuwa halali hadi mtu aipinge. Na kuipinga ni gharama: wakili, muda, na mara nyingi mshtakiwa mwenye ujasiri wa kukubali jina lake libaki kwenye kesi kwa miaka.

Sababu ya pili ni ngazi za mahakama. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu unawabana mahakimu, lakini jaji mwenzake wa Mahakama Kuu anaweza kuona vingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sheria ya 2018. Chama cha Wanablogu Kenya, BAKE, kilienda mahakamani, na tarehe 29 Mei 2018 Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Jaji huyo ndiye aliyekuwa amefuta mwaka 2017 kosa la kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, ambalo mwanablogu Robert Alai alishtakiwa nalo kwa ujumbe wa Twita uliomwita Rais kijana asiyekomaa. Lakini kesi ya BAKE iliposikilizwa hadi mwisho, ilikuwa mbele ya Jaji James Makau, naye tarehe 20 Februari 2020 aliona vifungu vyote ni halali, vikiwamo vya habari za uongo. Katiba ni ile ile, jengo la mahakama ni lile lile. Mimi naona uamuzi wa 2020 haukujibu swali la 2016. Sharti la kujua kwamba habari ni ya uongo limeongezwa, na hilo ni jema. Ila maneno "kuharibu jina" yaliachwa mapana kama zamani, na miaka 10 kwa kosa ambalo miaka 2 ilionekana kupita kiasi ilihitaji maelezo mazito kuliko yaliyotolewa.

Uganda imepita njia hiyo hiyo. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichohusu kuvuruga utulivu wa mtu kwa mawasiliano ya elektroniki. Miezi michache kabla, Oktoba 2022, sheria hiyo ilikuwa imerekebishwa na kuongezwa makosa mapya, likiwamo la kusambaza taarifa zenye nia mbaya. Mlango mmoja ukafungwa wakati mwingine umekwisha kufunguliwa.

Tanzania ina hadithi tofauti kidogo, kwa sababu hukumu nzito zaidi ilitoka nje ya mahakama zake. Baraza la Habari Tanzania, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi wa haki, THRDC, waliipeleka Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyo ilisema vifungu vingi vya sheria hiyo, vikiwamo vya uchochezi, kashfa ya jinai na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla, ilikuwa imeamua pia kwamba kufungiwa kwa gazeti la Mseto kulikiuka Mkataba huo. Mahakama ya Afrika Mashariki haiwezi kuifuta sheria ya nchi mwanachama. Hutamka kwamba imekiuka Mkataba na kuitaka nchi irekebishe. Marekebisho yakaja mwaka 2023, na kashfa ikatolewa kwenye jinai ya sheria hiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachohusu taarifa za uongo, kilitungwa kikiwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 za Tanzania au kifungo kisichopungua miaka 3. Angalia neno "isiyopungua": hapo hakimu anayeona kosa ni dogo hana pa kushukia.

Neno moja kuhusu madai, kwa sababu wengi huondoka kwenye kesi ya Andare wakidhani sasa ni ruhusa kumchafua yeyote. Sivyo. Nchini Kenya aliyekashifiwa ana miezi 12 ya kufungua kesi, na fidia inaweza kuvunja biashara: mwaka 2002 mwanasiasa Nicholas Biwott alipewa shilingi milioni 20 dhidi ya gazeti la The People. Fidia za kiwango hicho zinaweza kunyamazisha gazeti kama jela inavyonyamazisha mtu, na huo nao ni mjadala ambao mahakama zetu hazijaumaliza. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kwa mwandishi wa kawaida. Kwenye madai hakuna anayekuja kukugongea mlango alfajiri, simu yako haichukuliwi kuwa kielelezo, na mlalamikaji anaendesha kesi kwa gharama zake bila kutumia polisi wa umma.

Kwa anayejikuta ameitwa kituoni kwa sababu ya chapisho, jambo la kwanza la kutafuta ni hati ya mashtaka, na ndani yake jina la sheria na namba ya kifungu. Kama kifungu hicho kimetangazwa batili, wakili anaweza kuomba mashtaka yaondolewe siku ya kwanza. Kama bado kinasimama, njia ya Andare iko wazi: ombi la kikatiba Mahakama Kuu, kesi ya jinai ikiwa bado haijaisha. Kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Arusha sasa ni vigumu kwa majirani wa mahakama hiyo, maana Rwanda mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2019 zilijiondoa kwenye tamko linaloruhusu raia na mashirika kufungua kesi zao wenyewe, na Kenya na Uganda hazikuwahi kulitoa. Kilichobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Hiyo haikutaki umalize kwanza mahakama za nyumbani, ila muda wake ni mfupi: miezi miwili tangu sheria itungwe au tendo lifanyike, au tangu ulipolijua.